Usitupe sahani, hata kama stafu yako ni nyeupe

Nimerudi. Najua nimeingia mitini karibu wiki tatu na kuna watu wameshaanza kuulizana kama nimedisko. Sijadisko, na sapu sina, angalau mpaka matokeo yabandikwe. Nilikuwa Kifaru kwa mama mdogo, bando liliisha siku ya pili, na si mnajua Mpare akiwa likizo hanunui bando.

Kwa wasiopajua, Kifaru ni pale unapopita ukitoka Moshi kwenda Same. Jua kali, vumbi, milima ya Upare imekaa upande wa mashariki kama inakuchungulia unavyokula. Mimi nilikwenda kula makande na kulala. Nilichopata ni swali ambalo limenisumbua kuliko mtihani wowote wa muhula huu, ndiyo maana leo naandika habari za maabara badala ya ligi ya mabweni niliyowaahidi.

Ni hivi. Mama mdogo anasumbuliwa na majipu. Tangu Pasaka hili ni la tatu: la kwanza kwapani, la pili pajani, la tatu kwapani tena, mkono uleule. Kila likitoka anakwenda duka la dawa, anapewa vidonge vya rangi mbili, anameza siku tatu, maumivu yakipungua vilivyobaki anavihifadhi kwenye kopo la majani ya chai kwa ajili ya jipu lijalo. (Ubahili huo, mnaona sikuusingizia ukoo.) Siku nilipofika, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba baba, karibu, halafu hata begi sijaweka chini akaniuliza:

"Wewe si ndiyo unasomea vijidudu? Hiki cha kwangu kinaitwaje?"

Nikajibu kwa raha zangu, kisomi kabisa: "Huyo ni stafu, mama mdogo. Majipu mengi ni yeye."

Akaniangalia. "Stafu gani?"

"Stafu tu."

"Sasa baba, hiyo si sawa na kuniambia aliyeniibia kuku ni Mpare? Mpare yupi? Wa ukoo gani? Ndiye yuleyule anarudi, au kila mara anakuja mwingine?"

Jamani, mimi nina miaka mitatu napiga kitabu, na mama anayeuza vitunguu stendi amelieleza somo zima kuliko desa langu. Sikuwa na jibu. Tena nilikuwa na sababu yangu ya kunyamaza, na naomba niitoe hapa maana nimechoka kutembea nayo.

Muhula uliopita tulikuwa kwenye mazoezi ya maabara (ya wapi sisemi). Ukaja usaha wa kidonda cha mguu, mtu mzima, mkulima. Nikauotesha mimi. Asubuhi vijidudu vimeota vizuri, lakini vyeupe. Siyo ile rangi ya dhahabu ya kwenye picha za vitabu, vyeupe kama chokaa. Nikapaka rangi ya Grami: viduara vya zambarau vimejikusanya kama kichala cha zabibu, sawasawa. Katalesi ikatoa mapovu. Ikabaki koagulesi, kile kipimo cha kuchanganya kijidudu na plazima kwenye mrija na kuona kama itaganda. Ikiganda, ni Staphylococcus aureus, mkorofi mwenyewe. Isipoganda, mara nyingi unaandika ni stafu wa kawaida wa ngozini, amepita njia tu.

Niliweka mrija saa 4 asubuhi. Nilitakiwa kuusoma saa 8 mchana. Saa 8 mchana mimi nilikuwa kwenye foleni ya kusaini bumu, na wote mnajua foleni ile ukiondoka umeondoka. Nikajiambia nitausoma kesho, si kitabu kinasema saa 24? Kesho yake plazima ni maji. Nikaandika koagulesi hasi, huenda ni uchafu wa ngozi. Karatasi ikaenda wodini. Sahani ikaenda kwenye ndoo ya kuchemshwa.

Mtaalamu aliyekuwa anatusimamia hakuipenda karatasi ile. Akasema uchafu wa ngozi hauoti msitu namna hii. Alikuwa na sahani ya pili kwenye jokofu, akarudia kipimo mwenyewe, akaniita saa 8 mchana nije nitazame. Plazima imeganda, mrija umeinamishwa na haimwagiki, kama uji wa muhogo uliopoa. Akaniambia njoo tena kesho. Kesho yake ilikuwa maji.

Manake ni hivi: stafu wengine wana kimeng'enya kinaitwa stafilokinesi. Huyo huyo kijidudu anagandisha plazima, halafu usiku anaamsha kazi ya kuyeyusha lile donge. Ukichelewa kuja unakuta amefuta ushahidi. Mtaalamu akaweka na kidonge cha sefoksitini cha mikrogramu 30 kwenye sahani mpya. Kwa aureus, duara la milimita 22 kwenda juu ni salama, 21 kushuka chini ni sugu. Letu lilisoma 17. Yaani ni MRSA, yule asiyesikia kloksasilini wala ndugu zake, na mimi nilikuwa nimemwandika uchafu.

Karatasi ilirekebishwa. Mgonjwa alikuwa ameshatoka na dawa za nyumbani. Simu aliyoacha haikupatikana. Sijui mguu ule uliishia wapi.

Sasa basi. Hilo la foleni ni kosa langu na nalibeba. Ila kuna la pili ambalo ndilo hasa linanifanya niandike. Nilimuuliza mtaalamu, huyu mweupe ni nani hasa? Akacheka akasema hata yeye angependa kujua, lakini nafasi ya kumgandisha hakuna na hela ya kumpima ukoo haipo. Sahani ya pili nayo ikaingia kwenye ndoo. Habari ikaishia pale.

Kwa ambao hamsomi mambo haya (nyie wa sheria mvumilie kidogo), niwape historia fupi. Jina stafilokokasi alilitoa daktari mpasuaji wa Aberdeen, Alexander Ogston, miaka ya 1880, kutokana na neno la Kigiriki la kichala cha zabibu. Mwaka 1884 Mjerumani Rosenbach akaongeza aureus, ya dhahabu, kwa sababu ya rangi. Kuanzia hapo dhahabu ikawa kama kitambulisho. Sisi mpaka leo tunafundishwa kwanza rangi, halafu vipimo.

Lakini dhahabu ile ni rangi tu inayotengenezwa na jeni chache, na wapo wasionazo. Kaskazini ya Australia, kwa wenyeji wa asili wa kule, madaktari walikuwa wanapata stafu wanaofanana na aureus kwa kila kipimo cha kawaida, koagulesi chanya, ila weupe. Walipowasoma jeni zao wakakuta wametofautiana na aureus kiasi cha kuitwa spishi nyingine. Mwaka 2015 wakapewa jina rasmi, Staphylococcus argenteus, yaani wa fedha. Siku hiyo hiyo akapewa jina na wa tatu, Staphylococcus schweitzeri, wa popo na nyani wa Afrika, kwa heshima ya daktari Schweitzer wa Lambaréné kule Gabon. Maabara ya kawaida ikikutana na hawa wawili inaandika aureus na kufunga faili.

Huku Kifaru mfano tunao mdomoni. Mtu wa Ugweno ukimuuliza atakwambia yeye ni Mpare, na ni kweli, milima ni yetu sote na tunazikana. Ila mzee wa Kigweno akianza kuongea na mwenzake, Mpare wa Same hapati kitu, maana Kigweno kwa ukoo wa lugha kiko na Kichagga. Ukimtazama kwa macho utamwandika hivi, ukimsikiliza utamwandika vile. Stafu nao wako hivyo hivyo, wapo wa kutazama na wapo wa kusikiliza.

Kuna na vibeti. Hawa ni aureus halisi ila wamedumaa, wanaota taratibu, vidoadoa vya ncha ya sindano, rangi hawana, koagulesi yao inachelewa kweli kweli. Wanajulikana kutokea kwa watu waliotumia dawa muda mrefu, mojawapo ikiwa septrini. Wewe uliyesoma mrija saa 4 baadaye na kumwaga, hawa wanakupita. Na mimi niliyesoma kesho yake tu, nilipitwa na yule myeyushaji. Ndiyo maana kipimo kinasomwa mara mbili, siyo kwamba walioandika kitabu walikuwa hawana kazi.

Halafu plazima yenyewe. Wengi huku kwetu tunatumia plazima ya binadamu iliyobaki benki ya damu, siyo ya sungura kama vitabu vinavyotaka. Ya binadamu inabadilika kutoka mfuko mmoja hadi mwingine. Ikiwa imezuiwa kuganda kwa sitireti, kuna vijidudu vingine kabisa vinavyoila ile sitireti na kukugandishia mrija, nawe unashangilia aureus ambaye hayupo. Wenzetu wa Makerere, Kampala, walichapisha kazi mwaka 2010 kuhusu jambo hilihili, na walichosema ni kwamba koagulesi ya mrija isiachwe peke yake. Ukiiunganisha na ageri ya chumvi na mannitoli, pamoja na kipimo cha DNAsi, unapunguza sana makosa. Vyote hivyo ni vya bei ya kawaida, havihitaji mashine ya Mzungu. Nilipoisoma kazi ile nilijisikia vibaya, maana ageri ya mannitoli ilikuwepo siku ile kwenye jokofu, rafu ya pili.

Nisiache la mashine, manake kuna wenzangu wanaamini PCR ikija matatizo yameisha. Mwaka 2011 Waingereza walitangaza jeni mpya ya usugu, leo inaitwa mecC, waliyoikuta kwanza kwenye stafu wa maziwa ya ng'ombe yaliyochukuliwa mwaka 2007. Sahani ilisema sugu. PCR ya kutafuta mecA ikasema hakuna kitu, kwa sababu ilikuwa inatafuta jeni nyingine. Kidonge cha sefoksitini, hiki hiki cha kwetu, ndicho kilichokuwa kinasema kweli. Sisemi PCR ni mbaya. Nasema mashine inakuonyesha kile ulichoiagiza, na kijidudu hajasoma oda yako.

Sasa turudi kwa mama mdogo na ukoo. Huo upimaji wa ukoo upo, na siyo uchawi. Njia moja inasoma vipande vya jeni 7 ambazo kila stafu anazo, zile za kazi za nyumbani, na mpangilio wake unapewa namba, ST fulani. Huo ndio ukoo. Njia nyingine inasoma jeni moja, ya protini A, ambayo ina kipande kinachojirudiarudia, na idadi na mpangilio wa marudio unatoa namba inayoanza na t. Huo ni kama mlango ndani ya ukoo. Na siku hizi wenye uwezo wanasoma jenomu nzima, hapo mpaka jina la babu unalipata.

Na msidhani ni habari za Ulaya. Mwaka 2012 watafiti wa Mwanza walichapisha matokeo ya MRSA waliotoka kwenye vidonda na majipu pale Bugando. Waliotawala walikuwa ST88, ukoo unaojulikana Afrika, na pamoja nao kukawa na ukoo ambao haukuwa na namba duniani kote, ukapewa ST1797. Mwaka 2014 ikachapishwa kazi nyingine iliyoonyesha kwamba usugu wa septrini kwenye stafu wa Afrika kusini mwa Sahara unabebwa sana na jeni iitwayo dfrG, wakati vitabu vilikuwa vinazungumza habari za nyingine. Mwaka 2018 ukatoka utafiti wa KCMC hapahapa Moshi, MRSA wamesomwa jenomu nzima. Taasisi ya utafiti ya KCRI iko chini ya Kibo na imo kwenye mtandao wa SeqAfrica wa kusoma jenomu. Yaani kutoka kitanda cha mama mdogo Kifaru hadi mashine inayoweza kujibu swali lake, unapanda Coaster moja.

Ndiyo maana neno "isiyo ya kawaida" linanikera. Si ya kawaida kwa nani? Kwa yule aliyeandika kitabu akiwa na sahani za hospitali ya kwao. ST1797 hakuwa mgeni Mwanza. Mgeni ilikuwa orodha.

Rumeti wangu nilipomsimulia haya alinipinga, na ana hoja. Alisema jipu ni kupasua na kutoa usaha, ukishafanya hivyo wengi wanapona, ukoo wa kijidudu mgonjwa hauli. Akasema maabara ambayo wiki hii haina hata ageri unaitaka iweke friji la digrii 80 chini ya sifuri, umechanganyikiwa. Ni kweli, jipu ni la kupasuliwa. Mama mdogo hakupasuliwa hata mara moja, alipewa amoksilini, ambayo stafu wengi wa leo wanaivunja kabla haijavua viatu. Kwa hiyo kwanza kabisa alikosa kisu, siyo ST.

Lakini swali lake bado lipo palepale. Ni yuleyule anarudi, au mwingine? Karibu mtu 1 kati ya 3 anabeba aureus puani bila kuumwa. Kama majipu matatu yana ukoo mmoja na mlango mmoja, na puani mwake yupo huyohuyo, basi anajipanda mwenyewe na hilo lina tiba yake. Kama ukoo ni wa watoto wawili anaolala nao, unatibu nyumba nzima. Kama ni tofauti kila mara, tafuta kingine, pima sukari, angalia ngozi. Kama ni ukoo wa hospitali, basi kuna hospitali inatakiwa ikae kikao. Hayo yote huwezi kuyajua kwa neno "stafu" peke yake.

Na kuhusu friji, mimi naanza na kidogo. Kichupa cha gliserini na kijidudu ndani, chenye namba na tarehe, kwenye friji la kawaida la kugandishia, hakitakaa miaka 20 lakini kinaweza kusubiri gari la kwenda Moshi. Tusihifadhi wote, hatuwezi. Tuhifadhi wale wanaogombana na vipimo vyao: mweupe aliyeganda, aliyeganda akayeyuka, kibeti, yule ambaye sefoksitini inasema sugu na PCR inasema hapana. Hao ndio tunaowatupa kwanza, kwa sababu wanatuharibia fomu. Nchi ina mpango wa kitaifa wa usugu wa dawa tangu 2017, na wa pili unakwenda mpaka 2028. Sijaona mpango unaofanya kazi kwa vijidudu vilivyokwisha chemshwa.

Hapa ndipo ubahili wa Kipare ungefaa kitu. Sisi tunatunza misumari iliyopinda. Tunaweza kushindwa kutunza sahani?

Pia tusingoje wafadhili tu. Mwaka 2025 serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba itaacha kuugharimia Fleming Fund, mfuko ambao umebeba sehemu kubwa ya kazi hizi Afrika, SeqAfrica ikiwemo. Mimi ningependa chuo kinachotukata hela ya mazoezi kila muhula kituonyeshe zinanunua nini, na kama zinaweza kununua gliserini. Gliserini, siyo helikopta.

Basi. Mama mdogo alikuja Moshi Jumanne iliyopita. Jipu limepasuliwa, usaha umechukuliwa, safari hii umepelekwa maabara, mkononi mwa wataalamu wenyewe siyo mwangu. Kanibebea vitunguu na maharage ya wiki mbili. Wakati anapanda gari la kurudi akaniambia kwenye dirisha, "Ukishajua ukoo wake unipigie, baba. Mimi nikipiga ni hela."

Mimi nina mrija wangu wa mazoezi kwenye joto tangu saa 4 na dakika 10. Sasa hivi ni saa 8 kasoro dakika 5, na leo foleni ya bumu iko ndefu mpaka getini, nimepita nayo hivi nikaipungia mkono. Ligi ya mabweni nitaandika kesho. Ngoja nikimbie.